Kwa Mama Zamda, Mbele Kidogo

Nchi yetu ni nzuri sana. Nalisema hili mapema ili yule ambaye kazi yake ni kusoma maandishi ya watu apate cha kumpelekea mkubwa wake, kisha aende zake akanywe chai. Sisi wengine tuendelee.

Jina la nchi silitaji. Siyo kwa woga. Walilibadilisha juzi wakatuambia tulikariri, na mimi niliishia darasa la nne, kukariri kwangu kuna kikomo. Mtawala wetu anaitwa Mlezi Mkuu. Hilo halijabadilika tangu nikiwa na nywele.

Basi siku moja serikali iligundua kwamba ardhi tunayokaa ni yake. Sisi tulidhani ni yetu, kwa vile tumezeeka juu yake. Hatukulaumiwa kwa kudhani. Waziri wa Makazi na Utulivu alisema redioni, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Serikali sikivu haitamfukuza mtu. Serikali itamuuzia."

Na kwa kuwa ilijua hatuna pesa, maana yenyewe ndiyo iliyohakikisha jambo hilo, ikaanzisha mkopo. Jina lake ni Mkopo wa Kununua Ulipokaa. Unaikopa serikali, unailipa serikali hiyo hiyo, pesa haitoki hata mlangoni, halafu unapigiwa makofi kwamba umekuwa mwenye nyumba. Asiyepata mkopo hadi masika yaanze, kiwanja chake atapewa mtu mwenye utulivu zaidi.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na uwa. Vyumba nilisimamisha mimi. Kuta alizikandika mke wangu, Mama Zamda, Mungu amrehemu, kwa mikono yake mwenyewe, na ukipitisha kiganja karibu na dirisha unakuta vidole vyake. Binti yetu Zamda aliolewa mbali. Nimebaki mimi na hizo kuta, na shabaha yangu ilikuwa kufia humo. Hiyo tu. Sikuomba ikulu.

*

Sasa lazima nieleze anuani yetu ilivyopatikana, la sivyo mtasema natunga.

Mtaa wetu haukuwa na jina la karatasi. Mke wangu alikuwa anakaanga mihogo pale njiapanda, chini ya turubai la buluu. Mihogo yake ilikuwa inakauka nje na kulainika ndani, na pilipili yake ilimtoa mtu mafua ya wiki nzima. Watu wakawa wanaelekezana kwa jina lake. Unakaa wapi? Kwa Mama Zamda, mbele kidogo. Na wewe? Kwa Mama Zamda, ukivuka mfereji. Fundi cherehani alikaa kwa Mama Zamda. Mkunga alikaa kwa Mama Zamda. Hata mwizi mmoja maarufu, polisi walipomtafuta, waliambiwa anakaa kwa Mama Zamda, nyuma. Na Mama Zamda mwenyewe hakumtoza mtu kodi.

Ukaja mwaka wa Zoezi la Anuani za Taifa. Walikuja vijana wamevaa vizibao vya njano, wameshika simu kubwa kama sinia. Wa kwanza kuulizwa alikuwa jirani yetu, Shangazi Mwasiti, mwanamke ambaye ulimi wake ungekuwa panga, mtaa mzima tusingekuwa na kichaka.

"Mama, hapa panaitwaje?"

"Hapa? Kwa Mama Zamda."

Wakaandika.

"Na kule?"

"Kule ni kwa Mama Zamda, nyuma."

Wakaandika. Hawakuuliza kama Mama Zamda ni barabara, mlima au mtu. Katika nchi yetu aliyetumwa kuandika haulizi, na aliyetumwa kuuliza haandiki.

Baadaye yakaletwa mabango ya chuma, yamepakwa rangi ya kijani, herufi nyeupe. KWA MAMA ZAMDA MBELE. KWA MAMA ZAMDA NYUMA. Mkuu wa wilaya akaja kuzindua. Akakata utepe, akapanda jukwaani, akamsifu "mwanamapinduzi shujaa, Marehemu Mama Zamda, aliyemwaga damu yake ili sisi leo tupate anuani."

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale kando ya jukwaa, upawa mkononi, mafuta yanachemka kwenye karai. Akanigeukia.

"Baba Zamda, mimi nimekufa lini?"

"Nyamaza, mke wangu. Wakisikia uko hai wataling'oa bango."

Shangazi Mwasiti akadakia, "Mafuta nimemwona akimwaga. Damu aliimwaga saa ngapi?"

Mkuu wa wilaya alikula sahani mbili za mihogo, akajifuta midomo, akasema ameonja historia ya taifa. Hakulipa. Historia ya taifa hailipiwi.

*

Mwaka wa pili wa bango mke wangu akafariki kweli. Hapo kwa sasa sitakaa.

Nilikwenda kuandikisha kifo kama raia mwema. Karani alinipa pole, akaandika jina, akabonyeza. Katika nchi yetu mtu akifa kila kilicho kwa jina lake hufungwa: laini ya simu, mita ya umeme, kadi ya kliniki. Kuna mashine huko makao makuu ndiyo inayofunga. Mashine haina chuki na mtu. Iliambiwa imtafute Mama Zamda popote alipo imfunge, ikamkuta yuko mtaa mzima, ikafunga mtaa mzima.

Wakaja watu kung'oa mabango. Nasikia lile la MBELE sasa ni mlango wa banda la kuku la bwana mmoja wa halmashauri.

Hatukuona tofauti. Sisi tuliendelea kukaa kwa Mama Zamda kama kawaida. Ni mpaka ulipokuja huo mkopo.

*

Ofisi ya Utulivu ina viti vizuri sana, lakini ni vya maafisa. Sisi waombaji tulisimama, ili waone kama tunaweza kutulia. Aliyenihudumia anaitwa Bwana Evarist, kijana mpole, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni na zote hazitumiki kwa sababu ana kompyuta.

"Mzee Mwinjuma Pazi. Unaomba mkopo?"

"Naomba nyumba yangu, mwanangu. Mkopo ndio mmeuweka mlangoni."

Akatabasamu kama aliyefundishwa. "Tunaanza na historia ya makazi. Kila mahali ulipoishi tangu kuzaliwa, na sababu ya kuhama. Mtu anayehamahama serikali haiwezi kumwamini na pesa."

"Hilo naliafiki."

"Ulizaliwa wapi?"

"Kambi ya reli, kule Daraja la Vumbi."

Akaandika, akasubiri. "Haipo."

"Haipo, ndiyo. Mliiuza."

"Sisi?"

"Reli pamoja na kambi. Walikuja watu wakapakia vyuma, tukabaki na kokoto."

"Sababu ya kuhama?"

"Reli iliondoka."

"Mzee, reli haiondoki. Treni ndiyo inayoondoka."

"Hata sisi tulidhani hivyo."

Akajikuna shingo. "Tuendelee. Ukahamia wapi?"

"Bonde la Wafinyanzi."

Akaandika, akasubiri tena. "Hapo ni Uwanja wa Mpira wa Mlezi Mkuu."

"Ndiyo hapo. Kitanda changu kilikuwa karibu na goli la kaskazini."

"Uliishi uwanjani?"

"Uwanja ulinikuta."

"Naandika: aliishi ndani ya uwanja wa mpira bila kibali. Sababu ya kuhama?"

"Tingatinga."

"Tingatinga haimo. Hapa kuna visanduku viwili tu, hiari na kifungo. Ulifungwa?"

"Sikufungwa."

"Basi ni hiari." Akabonyeza. "Unaona, mzee? Hii historia inaonyesha mtu asiyetulia. Kila ukipelekwa mahali unaondoka."

Nilitaka kumwambia kitu kuhusu mama yake, lakini nikakumbuka kwamba huenda naye mama yake amezaliwa Bonde la Wafinyanzi.

"Na sasa unaishi wapi?"

"Kwa Mama Zamda, mbele kidogo."

Uso wa kompyuta ukageuka mwekundu, na yeye uso wake ukageuka wa msibani. Akanishika mkono.

"Pole sana, mzee. Anuani yako imefariki."

"Anuani?"

"Muda mrefu sasa. Hukupewa taarifa?"

"Aliyefariki ni mke wangu. Nyumba iko pale pale. Jana nimefagia."

"Umefagia anuani ya marehemu, na hilo ni kosa lakini siliandiki." Akasogeza kiti, akashusha sauti. "Sikiliza, baba. Andika unakaa Mtaa wa Ushindi. Wenzako wengi wa mtaani kwako wameandika hivyo."

"Mtaa wa Ushindi uko wapi?"

"Bado haujajengwa. Lakini anuani zake ziko hai kabisa."

"Nikiandika naishi Ushindi, nitauziwa kiwanja gani?"

"Cha Ushindi."

"Na nyumba yangu?"

"Itakuwa haina mtu. Atapewa mwenye utulivu."

"Kama nani?"

Akatazama picha ya Waziri iliyoning'inia ukutani, kisha akatazama meza. "Kama shemeji yake Waziri. Natoa mfano tu."

"Basi andika nakaa kwa Mama Zamda."

"Mzee, mashine haikubali."

"Hata mimi siikubali. Tuko sawa."

Nilipomsimulia Shangazi Mwasiti jioni ile alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Na mimi waliniambia niandike Ushindi," akasema. "Nikawauliza, mgeni wangu akija kunitembelea alale hewani? Wakaniandikia kwamba sina ushirikiano."

*

Kwa kuwa nilikataa kuhama kwa karatasi, sheria ikamtaka Bwana Evarist aje athibitishe makazi yangu kwa macho. Alikuja siku ya Alhamisi, kwa suti nyeusi, faili kwapani, jasho linamtiririka. Akashuka stendi, akamkamata kijana wa bodaboda.

"Nipeleke kwa Mama Zamda."

Sasa huyo kijana ni wa stendi, si wa mtaani kwetu. Akamwangalia yule bwana, suti nyeusi, uso mzito. Akafikiri ni ndugu wa marehemu katoka mbali, hakuwahi mazishi. Akamwambia, "Pole sana, kaka. Panda." Akampeleka moja kwa moja makaburini.

Haya niliyasikia kwa kijana mwenyewe, na nayaandika alivyoyasema.

"Hapa ndipo kwa Mama Zamda?" akauliza Bwana Evarist.

"Ndiyo, bosi. Yupo hapo, kwenye mchongoma."

"Yupo sasa hivi?"

"Yupo, bosi."

"Huwa anatoka?"

"Hapana, bosi. Tangu aje."

Bwana Evarist akafungua faili, akaanza kujaza. Msidhani hakujua kwamba ni kaburi. Alijua vizuri, hata viatu alivua. Lakini alitumwa kuthibitisha makazi, na fomu haikuuliza kama mkazi anapumua. Iliuliza mengine. Jina la mkazi? Mama Zamda. Mkazi alikutwa nyumbani? Ndiyo. Mazingira? Tulivu. Majirani wana malalamiko? Hawana. Amehama mara ngapi tangu afike? Hajahama. Anatarajia kuhama? Akamuuliza kijana wa bodaboda, naye akamjibu, "Bosi, labda parapanda ilie."

Akaandika: hatarajii.

Karatasi zikapelekwa makao makuu, zikaingizwa kwenye ile mashine. Na mashine, ambayo kwa macho yake ilikuwa haijawahi kuona raia aliyetulia kiasi hicho, ikampa mke wangu alama zote. Nchi nzima hakuna aliyemkaribia. Mfanyabiashara mkubwa wa mafuta alikuwa wa pili, akaachwa mbali.

*

Bwana Evarist alirudi, safari hii akafika nyumbani, kaletwa na gari la wizara. Alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja.

"Mzee, hongera! Marehemu amepata mkopo wa kwanza wa taifa. Na Nishani ya Mkazi Tulivu. Waziri anakuja mwenyewe. Wewe unasaini kwa niaba yake."

"Anakopeshwa anunue nini?"

"Anapokaa."

"Kaburi?"

"Kiwanja chake, tuseme. Na kwa huruma ya serikali tumeongeza nafasi ya mume pembeni yake. Huna haja ya kuomba tena."

Nikakaa kwenye kizingiti. "Na hii nyumba?"

Akatazama kuta. Nadhani aliona vidole karibu na dirisha, maana aliliweka faili chini. "Hii historia inaonyesha mlishahama, baba. Ukisaini, inakuwa wazi."

"Nisiposaini?"

"Masika si haya yanakuja? Inakuwa wazi vile vile."

"Sasa tofauti ni nini?"

"Ukisaini unapewa na kofia." Akachuchumaa mbele yangu. "Mzee wangu, nakuomba. Usiponisaidia watanihamisha, wanipeleke mpakani. Nina mtoto mchanga."

"Ukihamishwa utaandika sababu gani, hiari au kifungo?"

Alivaa viatu vyake akaenda kusimama kwenye gari.

Shangazi Mwasiti alikuwa amesikia yote kupitia uwa, kwa sababu uwa wetu ni wa makuti na masikio yake si ya makuti. Akaja kanga ikiwa imefungwa kiunoni kabisa, kama mtu anayeenda kugombana.

"Shemeji, utakwenda?"

"Nikafanye nini? Nikamsainie mke wangu deni kaburini?"

"Utakwenda. Watakupa kipaza sauti utoe shukrani, lazima, hawa hawawezi kuishi bila kushukuriwa. Ukishakishika usikirudishe."

*

Walifunga mahema pale pale njiapanda, kwa sababu ndipo penye nafasi. Redio ya taifa ilileta magari yake. Ngoma zilipigwa, watoto wa shule walitolewa darasani wapeperushe bendera, wazee tuliwekwa mbele ili tuonekane tumefurahi.

Waziri ni mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili. Akasimama, akarekebisha miwani.

"Ndugu wananchi! Wizara yangu ilitafuta raia wa mfano. Tukatafuta mijini, tukatafuta vijijini. Na leo tumempata! Mama Zamda! Huyu ni raia asiyetoroka! Raia asiyepokea wageni wasiojulikana! Tangu afike anapokaa hajawahi kulalamikia maji! Hajawahi kulalamikia umeme! Hajawahi kuhudhuria mkutano wa hadhara usio na kibali! Laiti wananchi wote wangekuwa kama yeye!"

"Tuko njiani, mheshimiwa!" akapaza sauti Shangazi Mwasiti.

Watu wakaangua kicheko, na Waziri akafikiri ni shangwe, akapunga mkono. Kisha akaniita. Akanivika kofia. Mezani paliwekwa karatasi ya kusaini, na wino, na Bwana Evarist amesimama kando ameshika fomu nzima ya mke wangu. Nikapewa kipaza sauti nitoe shukrani.

Nikasema, "Mheshimiwa, nashukuru. Ila historia ya makazi ya mke wangu haijakamilika. Nyinyi mlisema ni lazima iandikwe yote. Alipokaa kabla, na sababu ya kuhama. Sasa mimi ni mtu wa darasa la nne, lakini hiyo fomu naona ina mahali pamoja tu. Kama anakaa makaburini, alitokea wapi?"

Waziri akatabasamu kwa ajili ya redio. "Mzee wetu ana ucheshi. Tusaini sasa."

"Alitokea hapa," nikasema. "Hapa ulipoweka meza. Alikuwa amesimama hapa na karai lake, mchana, watu wa mihogo wamejaa. Akashika kifua. Akasema, Baba Zamda, nikalishe. Nikamlaza kwenye mkeka. Nikapiga ile namba yenu ya gari la wagonjwa, ile mnayoitangaza na wimbo. Akapokea dada mmoja, sauti nzuri. Akauliza, anuani? Nikamwambia, Kwa Mama Zamda Mbele. Bango lenyewe liko juu ya kichwa changu, la chuma, mmelizindua wenyewe. Akasema, subiri niangalie. Nikasubiri. Akasema, haipo kwenye kitabu chetu, wizara ya anuani haijatuletea, hatuelewani nao. Taja ya zamani. Nikamwambia, dada, ya zamani ndiyo hii hii. Akasema, basi tuelekeze kwa alama. Nikamwambia, njooni njia ya sokoni mpaka mtakapoona mihogo inakaangwa. Unajua alinijibu nini, mheshimiwa?"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Hata yule wa redio alikuwa amesahau kuzima mitambo.

"Akasema, sawa baba. Mwambie huyo mama wa mihogo asimame barabarani atupungie mkono, tutamwona."

Mtu mmoja nyuma alisema "Laa" kwa sauti ya chini.

"Nikamwambia ndiye mgonjwa. Akasema, basi tafuta mwingine wa kupunga. Nikatoka mimi, nikasimama pale barabarani, nikapunga. Nilipunga, mheshimiwa. Nilipunga mpaka gari lenu likapita moja kwa moja, kwa sababu karai halikuwa na moto tena na mtu wa mihogo hawakumwona. Niliporudi kwenye mkeka alikuwa ameshahama."

Nikamgeukia Bwana Evarist.

"Andika, mwanangu. Alipokaa: kwa Mama Zamda, mbele kidogo. Sababu ya kuhama: aliambiwa asimame apunge, hakuweza kusimama."

Na nitasema kweli ya yule kijana, kwa sababu sitaki kumwonea. Alitoa moja ya zile kalamu tatu mfukoni. Akaandika. Machozi yanaangukia karatasi ya serikali, lakini aliandika.

Waziri akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Ubembelezaji wote ulikuwa umemtoka.

"Wewe mzee, unakataa mkopo?"

"Naukataa."

"Unajua kiwanja kitapewa mtu mwingine?"

"Sinunui nilipokaa. Nilishapalipia. Kofia yako hii hapa."

Akanipokonya kipaza sauti, akasahau kwamba kiko wazi. "Huyu apewe amri ya kuondoka! Leo leo! Aandikiwe amri, apelekewe nyumbani kwake!"

"Wapi?" nikauliza.

"Nini wapi?"

"Hiyo amri mtaipeleka wapi?"

Karani wake alikuwa tayari na karatasi. Kalamu ilikuwa imeshagusa pale panapoandikwa anuani, ikasimama. Akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Bwana Evarist, na Bwana Evarist akasema kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, amri ya kuondoka lazima iwe na anuani iliyo hai. Ya kwake imefariki. Isipokuwa wewe uitamke. Kauli ya Waziri hadharani inafufua."

Hiyo ndiyo sheria yetu. Anachosema Waziri mbele ya redio ya taifa kinakuwa, hata kama hakikuwepo. Ndivyo Mtaa wa Ushindi ulivyopata kuwepo.

Waziri akafungua mdomo. "Apelekewe kwa..." Akaufunga. Maana angetamka jina la mtaa wetu, lingekuwa limefufuka: mtaa upo, nyumba ipo, na mimi nimo, na hakuna shemeji wa mtu atakayeambiwa pako wazi. Asingelitamka, hakuna pa kupeleka amri.

"Sema, mheshimiwa!" Shangazi Mwasiti alikuwa amepanda juu ya kiti cha wageni wa heshima. "Apelekewe wapi?"

"Wapi?" akauliza fundi cherehani.

"Wapi?" Sasa walikuwa wengi, na wale walioandika Ushindi nao wamo, na sauti zao ndizo zilikuwa kubwa zaidi. "Wapi? Wapi? Wapi?" Watoto wa shule wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakaanza kupeperusha bendera kwa kuitikia.

Waziri aliingia kwenye gari. Dereva akapiga honi ya kuomba njia, na kila aliyesogea alisogea taratibu, akainama dirishani, akauliza kwa heshima zote, "Wapi, mheshimiwa?"

*

Masika yameanza. Bwana Evarist amehamishiwa mpakani, aliniandikia kwamba mtoto anaendelea vizuri. Barua yake ilikuwa na jina langu tu na mahali ninapokaa, kama sisi tunavyopasema, na ilinifikia siku ya tatu.

Amri ya serikali haijafika. Shemeji wa Waziri alipita mara moja na kamba ya kupimia, Shangazi Mwasiti akamuuliza anamtafuta nani, akashindwa kusema, akaondoka na kamba yake. Paa langu linavuja upande wa jikoni na nitaliziba mwenyewe. Mkopo sina. Hati sina. Mlango wangu sijaufunga hata siku moja. Anayetaka kunitoa na aje, asimame pale njiapanda mchana kweupe, watu wote wakiwa wanasikia, aseme kwa mdomo wake nakaa kwa nani.